Orodha ya Kokoto ya Bi Minta

Kwa miaka arobaini na miwili, mtu yeyote katika Kaunti ya Brashear aliyetaka barabara ya kwenda makaburini kwao itengenezwe alimpigia simu Arminta Gayheart. Haikujalisha ulimpigia kura nani. Mwezi wa Aprili ulipiga simu ofisi ya barabara, Bi Minta akapokea, akaandika jina la ukoo wako kwa penseli kwenye karatasi ya njano, na kabla ya Jumapili ya mwisho ya Mei mimi nilikuwa nimeshafika kwenu na greda, nyuma yangu lori la kokoto. Jumapili hiyo ndiyo siku yetu ya kupamba makaburi. Waliohamia Ohio na Indiana hurudi, tunapanda mlimani na maua na kuku wa kukaanga, tunakula hapo hapo kati ya makaburi, tunawasengenya waliokufa pamoja na walio hai.

Sisi huku tunazika juu. Ardhi tambarare ya bondeni ni kidogo, na mafuriko yanaijua njia. Kwa hiyo kila ukoo una kilele chake, na kila kilele kina barabara ya udongo inayopanda kama ngazi, na kila masika mvua inaila. Bila kokoto, wazee hawafiki.

Mimi naitwa Orbin Sizemore. Niliendesha greda ya kaunti miaka ishirini na sita, na sina subira na mtu anayeniuliza kama kukaa kwenye kiti kutwa nzima ni kazi. Nasimulia habari za Bi Minta kwa sababu yeye mwenyewe hatazisimulia, na kwa sababu mwaka mmoja alinidhulumu. Mpaka leo sijui kama nilimsamehe au nilichoka tu kukasirika.

Alianza kazi mwaka 1974, akiwa na miaka ishirini na minane, hajaolewa, na shangazi zake wameshaanza kumtazama kwa huruma. Makaa ya mawe yalikuwa yanatoka milimani usiku na mchana. Kila tani iliyotoka ililipiwa ushuru, ushuru ukaenda kwanza Frankfort kwenye serikali ya jimbo, nao wakishajikatia fungu lao wakaturudishia sehemu. Sehemu hiyo ilinunua gari la wagonjwa, ikaweka taa kwenye uwanja wa besiboli, ikapaka rangi jengo la mahakama. Ilinunua kokoto pia, nyingi mno, hata watu wengine walizimwaga kwenye njia za kuku wao na hakuna aliyewauliza. Tuliziita hela zetu. Hakuna aliyekumbuka kwamba zilikuwa zinapita kwa mtu mwingine kwanza.

Estill Gayheart alikuwa mchimba makaa wa zamu ya pili, kijana mrefu mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Alimsikia Bi Minta kwenye simu kabla hajamwona. Baada ya hapo akawa anapiga kila wiki.

"Ofisi ya barabara, habari za asubuhi."

"Naomba kokoto za makaburini."

"Ukoo gani?"

"Gayheart."

"Gayheart nimeshaandika wiki iliyopita. Na wiki iliyotangulia."

"Andika tena, dada. Huku kuna mtu yuko mahututi."

"Nani huyo?"

"Mimi, nikikosa kukuona Jumamosi."

Bi Minta anasema alimkatia simu. Ukimbana sana anasema alimkatia taratibu. Walioana mwaka 1976 na hawakujaliwa watoto, wakabaki wawili ndani ya nyumba ndogo mwanzoni mwa bonde la Quillen, wanataniana kutwa.

Alipoolewa akawa Gayheart, alifanya jambo ambalo kaunti nzima ilimsifu kwalo, nami nasema ndilo lililomponza. Alilitoa jina la Gayheart mahali lilipokuwa kwenye orodha akaliweka mwisho kabisa, namba thelathini na moja. Hakutaka mtu aseme kwamba mke wa Estill anajipendelea. Kila mwaka, hata awe wa kwanza kukumbuka, jina la kwao liliandikwa la mwisho. Tulipofika kwao tulikuwa tunamwaga makombo, mavumbi ya chini ya lori na mawe makubwa yasiyotakiwa na mtu. Estill alikuwa anasimama kando ya barabara na koleo lake akisubiri kusawazisha.

"Orbin, mwone huyu mwanamke," aliniambia mwaka fulani. "Ana ufunguo wa stoo, na mimi mume wake nalamba sufuria."

"Mwambie nyumbani, mzee, usiniambie mimi."

"Nimemwambia. Amesema nikiendelea ataniandika thelathini na mbili."

Alikuwa anacheka aliposema hivyo. Alijivunia mke wake huyo mpaka inaudhi.

Vumbi la makaa mapafuni lilimmaliza mwaka 2012. Lilimnyang'anya pumzi polepole, kwanza ya kupanda ngazi, halafu ya kufika barazani, mwisho akabaki kitandani. Tulimzika juu ya mlima wa Gayheart, chini ya jiwe moja pana lenye majina mawili. Upande wake una miaka yote miwili. Upande wa Bi Minta una 1946 na kistari, na baada ya kistari hakuna kitu.

Bi Minta alirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta wa mbao tu, gereji yangu huku, meza yake kule, kwa hiyo nilisikia mengi. Saa sita mchana alikuwa na desturi ya kupiga simu nyumbani, tangu Estill alipostaafu, kumkumbusha ale. Baada ya mazishi aliendelea. Nilisikia akizungusha namba, nikasikia kimya kirefu, halafu mkono wa simu ukiwekwa chini. Siku moja nilishindwa kunyamaza.

"Bi Minta, hayupo mtu wa kupokea."

"Najua hayupo, Orbin. Mimi ndiye niliyemvisha soksi siku ya mwisho. Lakini simu inalia ndani ya nyumba yetu, na kwa dakika moja nyumba ina sauti. Wewe nenda kale chakula chako."

Alimkumbuka mzee yule kwa namna ambayo sijaona kwa mtu mwingine, waziwazi, bila aibu. Alikuwa anaingia asubuhi anasema, "Leo nimemkumbuka kuanzia saa kumi na moja alfajiri," kama vile mwingine anavyosema leo nimeamka na kichwa kinauma. Na mahali pekee alipopata nafuu ni kule juu. Akiketi kando ya lile jiwe alizungumza naye habari za wiki nzima, nani amehama, nani ameiba mke wa nani, akishuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri.

Mwaka 2014 mpwa wake alimpandisha kwa pikipiki ya magurudumu manne, kwa sababu barabara ilishaanza kuharibika. Wakati wa kushuka pikipiki ikapinduka, Bi Minta akavunjika nyonga. Mpwa alihamia Indiana kutafuta kazi, na daktari akamfunga Bi Minta chuma cha kushikilia mguu, akamwonya asipande tena mlima kwa miguu wala kwa pikipiki maisha yake yote. Mwaka 2015 kokoto ziliisha nikiwa kwenye ukoo wa ishirini na tatu. Wa thelathini na moja, mnajua ni nani. Jumapili ile hakutoka nyumbani kwake.

Nilijitolea kumbeba mgongoni.

"Mimi si gunia la viazi," akasema. "Na mgongo wako wewe ulishakwisha kwenye kile kiti. Utaniangusha, halafu tutazikwa wote wawili njiani, na watu watasema nini?"

Basi tukafika Aprili 2016. Jaji wa kaunti aliita kikao. Jaji wetu hahukumu mtu, ndiye mkuu wa kaunti, cheo tu ndicho cha mahakamani. Wakati ule alikuwa Denzil Stidham, mtu mwema mwenye tumbo na shati lililotoka nje. Alikuwa na barua mkononi.

"Jamani, hela za makaa hazipo," alianza.

"Makaa yapo," diwani mmoja alidakia. "Yamelala pale pale chini. Wanunuzi ndio waliokufa."

"Haya, wanunuzi wamekufa. Hicho kidogo kinachokusanywa, Frankfort wanajikatia kwanza kwenye bajeti yao ya miaka miwili, sisi tunapewa kilichobaki. Na ushuru wa petroli nao unakwenda na bei ya petroli. Petroli ikishuka ninyi mnashangilia kwenye pampu, mimi nalia ofisini, maana ule ndio unaonunua kokoto."

"Si upandishe kodi ya nyumba?" sauti ikatoka nyuma.

"Wewe utalipa?"

"Mimi nimeuliza tu, Jaji."

"Sheria ya jimbo inaniruhusu kupandisha kidogo sana. Nikizidisha hapo, mnaweza kukusanya sahihi mkanipeleka kwenye kura. Nawajua ninyi, mtazikusanya kabla ya chakula cha jioni. Na nyumba zenyewe nusu ni tupu, na kampuni ya makaa imefilisika haijalipa ya kwake. Halafu kuna jela. Jela inakula kwanza. Wafungwa wa kaunti wanalishwa na kaunti, jimbo ndivyo lilivyoamua, na kila mwaka wanaongezeka."

"Kwa hiyo Frankfort wanatukata mkono, halafu wanatuuliza mbona hatupigi makofi," nikasema. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na sikuruhusiwa kusema.

"Orbin, kaa kimya. Lakini ndiyo, ni hivyo."

Bi Minta alikuwa kwenye kona yake, penseli mkononi, mguu wenye chuma umenyooshwa mbele. "Na makaburi?" aliuliza.

Jaji aliitazama barua ingawa jibu halikuwamo. "Malori kumi."

"Kumi kwa kila eneo?"

"Kumi kwa kaunti nzima, mama."

Barabara moja ya makaburi inataka malori mawili, hapo hujadekeza mtu. Kumi ni koo tano. Tulikuwa na koo thelathini na moja. Chumba kizima kilipiga hesabu hiyo kwa wakati mmoja, na niliona watu wakianza kutazamana kwa jicho ambalo sikulipenda.

"Basi iwe kwa simu," Bi Minta alisema. "Jumatatu saa mbili asubuhi. Watano wa kwanza kupiga ndio wanaopata. Kabla ya saa mbili sipokei, na njiani simsikilizi mtu." Wote wakakubali, kwa sababu ni yeye aliyesema. Angekuwa Jaji wangegombana mpaka Krismasi.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Mama yangu, Oma, amelala juu ya kilele chetu tangu mwaka 1999, na dada yangu Verda huendesha gari muda wa saa nne kutoka Dayton kila Mei kuja kumwona. Verda ana moyo mbovu. Hapandi ngazi za kanisa sembuse mlima. Jumatatu ile saa moja na nusu nilipitia mezani kwa Bi Minta na kikombe cha kahawa.

"Hicho ni rushwa?" aliuliza.

"Ni kahawa."

"Kiweke hapo. Na utoke. Utapiga simu kama wengine."

Nikaenda gereji nikasimama mbele ya simu ya ukutani. Saa mbili kamili nikapiga, ikawa inatumika. Nikapiga tena na tena. Nilimsikia kupitia ukutani, "Ofisi ya barabara, habari za asubuhi," mara nne, na kila mara jina likaandikwa, na kila mara nikalitukana jina hilo. Mara ya tano ikaita.

"Ofisi ya barabara, habari za asubuhi."

"Bi Minta, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nakuona kwa dirisha la gereji, umevaa shati kinyume."

"Niandike basi!"

"Sizemore, wa tano. Umeingia kwa kucha, mwanangu." Nikasikia penseli ikikwaruza.

Nikampigia Verda hapo hapo. Alilia kwa furaha kwenye simu, akasema atanunua maua ya hariri safari hii, yale ya bei, si yale ya plastiki.

Ijumaa nilikuta karatasi ya njano kwenye kiti cha greda, kama kila mwaka. Mwandiko ni ule ule, umesimama wima kama yeye. Namba moja ilikuwa Gayheart.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikashuka na kidole. Chini ya Gayheart walikuwa wale wanne niliowasikia kupitia ukutani, kwa mpangilio ule ule. Baada ya namba tano alikuwa amepiga mstari kwa rula, na chini ya mstari, peke yake, Sizemore.

Nilivuka uwanja na ile karatasi, nikausukuma mlango, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ambayo mama yangu angenizaba kofi kwayo. Bi Minta alikuwa ameketi na mikono yake miwili juu ya meza, bila kazi yoyote, na sijawahi kumwona bila kazi. Midomo ilikuwa myeupe. Hakuinua uso.

"Una swali, Orbin?"

Alikuwa anasubiri. Ningesema neno moja tu angeifuta, nina hakika, penseli ilikuwa pale pale karibu na mkono wake. Miaka arobaini na miwili ya jina jema ilikuwa juu ya ile meza, na alikuwa ameniachia mimi niichukue nikitaka.

"Sina," nikasema.

Nilitoka na hasira zangu zote. Nilipofika mlima wa Gayheart niliiendesha greda kwa nguvu kama mtu anayempiga mtu. Katikati ya barabara mvua ilikuwa imechimba korongo la kumeza ndama. Kwa saa ya kwanza nilifanya kazi mbaya kwa makusudi, nasukuma mawe ovyo, nikijisemea atakoma. Halafu nikafika juu, nikaliona lile jiwe pana, upande mmoja umejaa na mwingine unangoja, na nyasi zimefika nusu ya jina la Estill kwa sababu miaka miwili hakuna aliyekuja kuzikata. Nikazima injini. Nikateremka kurudi chini nikaanza upya, nikaweka mtaro wa maji pembeni, nikatafuta kalavati la zamani lililokuwa limelala nyuma ya gereji tangu enzi za hela nikalifukia kwenye kona. Ile ndiyo barabara bora niliyowahi kutengeneza, na niliitengeneza huku natukana.

Verda nilimwambia kokoto ziliisha kabla ya kwetu. Ilikuwa kweli.

"Si ulisema sisi ni wa tano?"

"Nilikosea kuhesabu, dada."

"Wewe huwezi hata kuhesabu mpaka tano? Miaka yote hiyo serikalini?" Alikuja hata hivyo. Asubuhi ile ya Jumapili alibaki ndani ya gari chini ya kilele chetu, maua ya hariri mapajani, na mimi nikapanda nayo peke yangu kupitia miiba. Niliposhuka alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho yamevimba. Aliniuliza kama jiwe la mama ni safi. Kisha akarudi Dayton bila kula.

Mchana nilimpeleka Bi Minta kwa Estill. Nilikuwa nimeahidi kabla, na sikutaka mtu aulize kwa nini nimeacha. Alivaa gauni la bluu, amebeba kuku, maharage na keki ya matufaha yaliyokaushwa, ile ya tabaka nyingi. Pikapu yangu ilipanda bila kuteleza hata mara moja. Alipoliona jiwe alishika mkono wa mlango kabla sijasimama.

Nilikaa mbali, nyuma ya gari, lakini upepo ulileta maneno. Alianza na, "Nimechelewa miaka miwili, na usinikatize." Akamweleza kuhusu nyonga, kuhusu mpwa wake na Indiana, bei ya mayai, paa linalovuja jikoni, nani amezaa. Alicheka mahali fulani. Mahali pengine aliweka kiganja kwenye jiwe na kukipitisha juu ya herufi moja moja. Saa mbili nzima. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumtosha mtu, nikajikuta naomba jua lisiende haraka.

Aliporudi garini alikaa, akafunga mkanda, akatazama mbele.

"Nilikutoa wewe," alisema.

"Najua."

"Nilikuchagua wewe kwa sababu una miguu. Na kwa sababu nilijua hutasema."

"Verda hana miguu, Bi Minta. Leo asubuhi alikaa chini ndani ya gari."

Hilo hakulijua. Niliona limemwingia. Alifumba macho, mikono ikashikana mapajani.

"Sikujua, nikafanya," alisema baadaye. "Na ningelijua ningefanya hivyo hivyo. Nisikudanganye. Ningemtoa mtu yeyote. Miaka yote ile Estill alisimama na koleo akila makombo kwa ajili ya jina langu, na sikumpa barabara hata siku moja akiwa anapumua. Umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Vizuri. Kaa na hasira yako, ni haki yako. Sitakuomba msamaha, maana nikiomba nitakuwa naongopa, na leo sijisikii kuongopa hapa juu." Akafungua kitambaa, akanikatia kipande cha keki. Nikakila. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo liliniudhi.

Alistaafu mwezi wa Juni, mwaka wa hesabu za kaunti unapofungwa. Hawakumweka mtu mwingine kwenye kile kiti. Bajeti mpya ilipotoka Frankfort, Jaji alisoma barua nyingine, fupi kuliko ya kwanza. Kabla ya Krismasi waliinadi greda yangu, ikanunuliwa na mwenye shamba mmoja wa Tennessee, na mimi nikapunguziwa kazi mpaka siku tatu kwa wiki, koleo na ndoo ya lami ya kuziba mashimo. Februari ilikuja mvua ya siku nne. Ilichukua kokoto zote za mlima wa Gayheart na kalavati langu, ikaviweka kwenye kijito cha Quillen, na korongo likarudi mahali pake, pana zaidi.

Aprili hakukuwa na orodha. Ukipiga ofisi ya barabara unapokelewa na mashine. Verda alisema hawezi kuendesha gari muda wa saa nne kuja kutazama kilima kupitia kioo.

Jumapili ya mwisho ya Mei Bi Minta alinipigia simu mwenyewe. "Nichukue," alisema, "unifikishe panapofikika."

Panapofikika ni chini kabisa, kwenye uwazi ambapo barabara inaanza kupanda. Nilimfungulia kiti cha kukunja kwenye nyasi. Alikuwa na gauni lile lile na maua mekundu, na chuma cha mguu kilimsumbua, alikuwa anakikamata kwa mkono kila akijigeuza. Alikitazama kile kilele muda mrefu. Kutoka pale huwezi kuona jiwe, unaona miti tu.

"Panda nayo," alisema, akanipa maua. "Na umwambie kwa nini sijaja. Sema kwa sauti, usinong'one, masikio yake yaliharibiwa na mashine."

"Nimwambieje?"

Alifikiri. "Mwambie mwaka jana nilipanda kwa kumwibia mtu. Mwambie mwaka huu ningeiba tena, lakini hakuna hata cha kuiba."

Nilipanda kwa dakika ishirini na tano, nikiruka korongo huku na huku. Mimi si mtu wa kuzungumza na mawe. Hata kwa mama yangu huwa nasimama kimya. Niliyang'oa magugu, nikayachomeka maua upande wa Estill, nikavua kofia. Kisha nikatazama nyuma kuhakikisha hakuna mtu, nikayasema maneno yake yote kama alivyonipa, kwa sauti kubwa.

Nilimaliza. Kazi iliyonipandisha ilikuwa imekwisha, na chini kule yule mama alikuwa ameketi peke yake juani. Lakini niliketi kwenye nyasi nikakaa sana, kwa sababu nilijua nikishuka tu ataniuliza Estill amejibu nini.